Mtandio Ulioyeyuka Kwenye Beseni

Niseme mapema: nina mdomo. Nyumbani kwetu nilikolelewa, ukipendwa ulikuwa unafokewa. Mama alimfokea baba, baba akatufokea sisi, sisi tukafokeana wenyewe kwa wenyewe, kisha tukakaa kula tukicheka. Mume wangu aliponioa alidhani ameoa redio iliyoharibika kitufe cha sauti. Sasa amezoea. Nikikaa kimya asubuhi nzima huja kunigusa paji la uso, aone kama nina homa.

Mtu mmoja tu sikuwahi kumpandishia sauti: mama mkwe. Alikuja kuishi nasi baada ya baba mkwe kufariki, na tangu siku aliyoshusha begi lake mlangoni nikawa mtu mwingine. Shikamoo mama. Pole mama. Usijisumbue mama, wewe kaa tu. Akishika ufagio nampokonya kwa adabu. Nilijiona mkwe wa kupigiwa mfano.

Sisi ni wafumaji, na chumba cha nyuma kimejaa mitambo ya kufumia mpaka unapita upande upande. Siku hizi tunafuma uzi wa mwani. Ndiyo, mwani huu huu wa baharini. Kiwandani wanatoa utomvu wake, wanausukuma kwenye vitundu vidogo sana, unatoka nyuzi. Ukiushika ni laini, una ubaridi, na unang'aa kidogo kama nywele zilizopakwa mafuta. Kitambaa chake kikichakaa ukakifukia bustanini, kinaoza na kuwa udongo. Tumeshatengeneza foronya, mapazia na magauni. Ila huu tunaoutumia sisi una kisirani chake: hautaki magadi. Unafuliwa kwa maji baridi matupu, basi. Ukiutia kwenye maji ya moto yenye sabuni na magadi, unayeyuka.

Hilo nililitangaza nyumba nzima. Nilimwambia mume wangu, nikamwambia jirani anayekuja kuazima pasi, nikamwambia hata paka. Mama mkwe sikumwambia. Alikuwa dobi maisha yake yote, amefua mashuka ya hospitali na mashati ya mabwana harusi. Leo mimi nimfundishe kufua? Niliona haya.

Basi tulikuwa na mtandio mmoja, rangi ya maziwa, mwepesi kiasi kwamba ukiuvaa unasahau kama umeuvaa. Mwenye duka la nguo alikuwa aje kesho yake kuutazama, na akiupenda angeanza kuuza kazi zetu. Asubuhi ile mimi na mume wangu tulitoka kwenda kuchukua uzi. Huku nyuma mama mkwe akauona mtandio, akaunusa, ukanuka bahari. Akaona watoto wamejisahau, wanataka kuaibika mbele ya mgeni. Akachemsha maji, akatia sabuni na magadi, akauloweka.

Tuliporudi tulimkuta amepiga magoti mbele ya beseni, mikono imezama mpaka viwiko, anatafuta.

"Ulikuwa hapa," alisema. "Nimeuweka mwenyewe, kwa mikono yangu hii."

Alichokuwa akichota ni ute mtupu, kama wa yai.

Nilisikia kelele zinanipanda kutoka tumboni. Nikazimeza. Nikatabasamu mpaka taya zikauma.

"Haidhuru mama. Ni kitambaa tu."

"Usijali kabisa, mama," mume wangu akadakia.

Tukamwinua, tukamfuta mikono, tukampeleka chumbani apumzike. Kisha nikaingia chumba cha nyuma nikauma foronya.

Nilimpigia simu mwenye duka nikamweleza ukweli wote. Alicheka mpaka akakohoa, akasema tufume mwingine, atakuja mwezi ujao. Nikakimbilia chumbani kumpa mama habari njema. Nilimkuta anapanga nguo kwenye begi.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa shemeji yako."

"Kwa ajili ya mtandio? Mbona mwenye duka ameelewa!"

"Si mtandio, mwanangu." Alikuwa akikunja gauni, hanitazami. "Nasikia mnavyoishi humu ndani. Mumeo unamfokea, jirani unamfokea, paka unamfokea. Mimi nimewaharibia kazi ya wiki nyingi, unaniambia haidhuru. Mgeni akivunja sahani ndiye anayeambiwa haidhuru. Na mimi ugeni umenichosha."

Alisema kwa upole, bila kinyongo, na hapo ndipo aliponiumiza. Nampenda mama huyu. Nampenda anavyojiimbia akichana nywele, na anavyomwita mwanawe mwenye mvi "katoto kangu". Nikawaza kitanda chake kikibaki kitupu. Nikafungua mdomo nimwambie maneno mazuri, zikatoka zile kelele nilizozimeza.

"Mama, wewe mama! Magadi? Magadi kwenye mwani? Nani kakutuma? Nimekaa kwenye mtambo ule mpaka mgongo umekatika, wewe unakuja na maji ya moto kama unanyonyoa kuku!"

Mume wangu alikuja mbio, akasimama mlangoni macho yamemtoka. Mama mkwe alinyooka taratibu. Akashika kiuno.

"Ungeniambia!" Sauti ile sijui alikuwa ameificha wapi. "Nimefua tangu hujazaliwa, uzi unaoyeyuka ningeujulia wapi? Umewaambia watu wote, mimi umeniruka kama sina masikio!"

"Niliona haya!"

"Haya ya nini, mimi si mama yako? Na kwa kuwa leo tunaambiana, chai yako haina ladha! Tangu nihamie hapa nakunywa maji ya moto yenye rangi, nasema ahsante mwanangu, ahsante mwanangu. Weka sukari, binti! Sukari!" Akamgeukia mume wangu. "Na wewe umesimama hapo kama mlingoti. Toa nguo zangu kwenye begi, uzirudishe kabatini!"

Nilikwenda jikoni nikabandika maji. Nilichota sukari huku nalia, na nilikuwa na furaha ambayo sijui hata niieleze vipi. Kule chumbani alikuwa bado anamfokea mwanawe, eti gauni halikunjwi hivyo.