Mpya au Zamani

Kila kitu kiliharibika Jumanne, tarehe 10 Juni 2014, saa nne kasoro robo asubuhi. Mlima wenyewe ulianguka siku tisa baadaye, na watu wakisimulia huanzia hapo, kwenye tope. Kang Huo-tu haanzii hapo. Yeye huanzia kwenye simu.

Asubuhi hiyo alikwenda kuchimba machipukizi ya mianzi, akakuta ardhi imepasuka juu ya nyumba yake. Ufa wa kutosha kuingiza mguu mzima. Alishuka mbio akaipigia simu ofisi ya wilaya inayosimamia miteremko ya milima. Walipomwuliza ni mahali gani, mkewe Pi-lien, aliyekuwa anamenya machipukizi jikoni, alifuta mikono akaikunjua ramani yao ya misitu na kuwasomea namba za mahali hapo moja moja. Huo-tu aliacha shule darasa la tatu. Namba ndefu humchanganya.

Siku ya nne ikaja barua. Picha iliyopigwa kutoka ndegeni wiki hiyo imekaguliwa, hakuna hatari. Imesainiwa, imegongwa muhuri mwekundu. Huo-tu alitaka hata hivyo wahamie bondeni kwa dada yake. Pi-lien akamcheka.

"Wao wametazama kwa ndege, wewe umetazama kwa macho yenye mtoto wa jicho. Nimwamini nani?"

Alhamisi ya wiki iliyofuata, mvua ikiwa siku ya tatu, Huo-tu alishuka sokoni na machipukizi yake. Aliporudi, njia ya kwenda nyumbani haikuwepo, na nyumba haikuwepo. Pi-lien walimfukua topeni Jumamosi.

Mwezi Septemba ofisi ikamwita. Njoo na muhuri wako, walimwambia. Akaenda amevaa shati ambalo Pi-lien alimnunulia kwa ajili ya harusi za watu, na kwenye mfuko wa shati muhuri wa jina lake, ule wanaogonga badala ya saini.

Mkuu wa ofisi, Bwana Tseng, alimmiminia chai kwa mikono miwili. Huo-tu hakuigusa. Watu wa aina hii, alijisemea, humpa mtu chai moto ili asiweze kusema haraka.

"Ni karatasi moja tu, Mzee Kang," alisema Tseng. "Ukigonga hapa, faili linafungwa, na wewe unapumzika."

"Nisomee."

Tseng akasoma. Katikati palikuwa na maneno haya: mtoa taarifa alisoma namba zisizo sahihi.

"Mtoa taarifa ndiye nani?"

"Ni lugha ya kiofisi tu, mzee wangu."

"Aliyesoma namba ni mke wangu. Unataka nigonge muhuri kwamba Pi-lien alijiua kwa kutojua kusoma?"

"Hakuna aliyesema hivyo."

"Karatasi imesema. Wewe umeisoma sasa hivi, tena vizuri, kama mtangazaji wa redio."

Kwenye meza ya pembeni alikaa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Pai Shu-fen, fundi wa picha. Ndiye aliyepokea simu ile. Tangu Huo-tu aingie hakuwa ameinua uso.

"Mkuu," alisema, "mazungumzo yalirekodiwa. Ana haki ya kusikia."

Tseng alikunja uso, ila alikuwa amechelewa. Shu-fen alikwisha kubonyeza kitufe.

Sauti ya Huo-tu ikatoka kwanza, inahema, inasema kuna ufa ndani ya mianzi. Kisha ikatoka sauti ya Pi-lien. Ilisoma namba taratibu, kama mtu anayehesabia mtoto vidole. Huo-tu alishika ukingo wa meza. Baada ya namba, kwa mbali, Pi-lien akasema, "Na wewe usiwafokee! Mdomo wako huo utatufukuzia watu."

Halafu Shu-fen wa siku ile, kwa haraka, na simu nyingine ikilia nyuma yake: "Mpya au zamani?"

Na Huo-tu: "Mpya. Mpya kabisa, binti."

Rekodi ikaisha.

"Rudia," alisema Huo-tu.

"Mjomba..."

"Pale anaponifokea. Rudia pale tu."

Akamrudishia mara tatu. Mara ya tatu hata Tseng alitazama dirishani.

"Sasa niambie," Huo-tu alisema, akipangusa pua kwa kiganja. "Alikosea namba ipi?"

Shu-fen alitoa ramani ya misitu ya mwaka 1978, nakala ya karatasi ileile aliyokuwa nayo Pi-lien, akaipitishia kidole huku rekodi ikisoma. "Hakukosea hata moja," alisema. "Lakini kisiwa hiki kina namba za aina mbili, mjomba. Serikali ilibadilisha mahali pa kuanzia kuhesabu. Ramani hii ni ya namba za zamani. Picha zetu tunazikata vipande kwa namba mpya. Kati ya hizi na hizi ni zaidi ya mita mia nane."

"Mlima wangu haujahama."

"Haujahama. Ndiyo maana tunauliza kila mtu: mpya au zamani."

Huo-tu aliitazama ile ramani. Nje mtu alikuwa akijaribu kuwasha pikipiki isiyotaka kuwaka.

"Mimi nilidhani unaniuliza habari za ufa," alisema mwishowe.

Shu-fen alifumba macho. "Najua, mjomba. Nimejua tangu ile Ijumaa, siku moja baada ya mlima kuanguka."

"Basi neno ni langu. Andikeni jina langu. La Pi-lien litoke."

"Hilo linawezekana," Tseng alisema upesi, tayari ameshika kalamu.

"Kwanza nione kipande mlichokata."

Tseng akasema picha ni kubwa mno, ukiifungua nzima kompyuta inaganda. Shu-fen akasema haihitaji kufunguliwa nzima. Alimvutia Huo-tu kiti. Kwenye kioo cheusi cha kompyuta aliandika mstari mmoja wa amri: jina la ile picha kubwa, namba za pembe ya juu kushoto, namba za pembe ya chini kulia, jina la kipande. Kwanza aliweka namba kama Pi-lien alivyozisoma, bila kuzigeuza, kama alivyofanya mwezi Juni. Sekunde nne. Akaandika mstari wa pili, safari hii kwa namba zilizogeuzwa kuwa mpya. Sekunde nne nyingine. Akaviweka vipande viwili sambamba.

Katika kipande cha pili ufa ulionekana hata kwa macho ya Huo-tu, mstari mweusi uliopinda juu ya paa la bati la buluu. Uani palikuwa na doa jeupe. Hakuuliza ni nini. Alikigusa kioo na kidole kikaacha alama.

Kisha akakigeukia kipande cha kwanza, kile kilichoandikiwa barua. Akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Binti, hii ni miti gani?"

"Sijui, mjomba. Kazi yangu ni kukata. Nikishakata naipeleka kwa mkuu, anaikagua na kusaini."

"Hii ni mipopoo, ndugu za minazi. Tazama vichwa vyake, kila mmoja peke yake kama nyota. Mianzi ukiitazama kutoka juu ni kama manyoya ya kuku, hushikana. Hapa hakuna mwanzi hata mmoja. Na kwenye simu nimesema nini? Nimesema ufa ndani ya mianzi. Mmerekodi wenyewe."

Shu-fen aliondoa mikono kwenye vibonye, akaiweka mapajani.

Huo-tu akasimama. Alitoa muhuri mfukoni, akauweka mezani mbele ya Tseng, karibu na chai iliyopoa, bila kuutoa kwenye kifuko chake kidogo.

"Neno la mpya ni langu, nitalibeba. Nitagonga. Ila unijibu kwanza, Mkuu. Kabla hujaandika kwamba hakuna hatari, wewe kipande hiki ulikitazama?"