Trafiki wa Darajani

Kila asubuhi, akikaribia kona ya misonobari, Merryn Hoekstra alipunguza mwendo na kusubiri. Kwanza ulikuja mwanga juu ya matawi, kisha likatokea lori la maziwa la Ewan Brodribb, limezungukwa na vitaa vya rangi ya chungwa kama mti wa Krismasi. Merryn alimpiga taa mara mbili. Ewan alipunguza mwendo, naye akarudisha mara moja. Wakapishana. Merryn aliendelea na safari ya mjini Dunmorra, kwenye nyumba ya wazee alikokuwa muuguzi, akiwa na joto moyoni ambalo hita ya gari lake haikuwahi kumpa.

Wakati wa kiangazi watu wa huko husalimiana barabarani kwa kuinua kidole kimoja juu ya usukani. Hawapungi mkono, wala hawatabasamu, kidole kinatosha. Lakini mwezi Juni, ambao huko kusini mwa dunia ni katikati ya baridi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni giza tupu, na kidole hakionekani. Ndiyo maana Merryn alianza kutumia taa. Alikuwa msichana wa kuona haya, wa kupewa mkate asioutaka dukani akaondoka nao kimya kuliko kumwambia muuzaji kwamba amekosea. Kwake yeye, taa mbili zilikuwa hotuba ndefu.

Jumanne moja lori halikupita. Lilisimama. Breki zake zilitoa pumzi ndefu, dirisha likashuka, na kichwa chenye kofia ya sufu kikachungulia kutoka juu. Merryn naye akasimama, maana hakujua la kufanya jingine. Walitazamana, dirisha kwa dirisha, kwa mara ya kwanza tangu wamalize shule.

"Samahani kukusimamisha, Merryn," alisema Ewan. "Nilitaka kukushukuru tu. Umeniokoa, dada."

Akaeleza, huku mvuke ukimtoka mdomoni. Leseni yake ilikuwa imebakiza pointi moja. Kosa moja tu la spidi, hata dogo, nayo ingefungiwa. Na bila leseni hakuna lori, na bila lori angerudi kukamua ng'ombe wa baba yake, ambao walimchukia. Lakini tangu Mei, kila siku Merryn alikuwa akimpiga taa kumjulisha kwamba trafiki yuko mbele, na kila siku yeye alikanyaga breki kwa wakati. Hakuwahi kukamatwa. Hakuwahi hata kumwona huyo trafiki.

"Anajificha kama jini," alisema Ewan kwa heshima. "Leo yuko wapi?"

Hapo ndipo Merryn alipopaswa kusema ukweli. Alifungua mdomo akiwa na nia njema kabisa.

"Darajani," alisema.

Ewan akagusa kofia yake, akaondoka taratibu kama anayebeba mayai badala ya maziwa. Merryn alibaki pale mpaka dirisha likaanza kupata ukungu.

Mtu asiyetoka Dunmorra angesema msichana huyu ana akili nzito, kwani nani asiyejua maana ya taa mbili? Alijua, wote wanajua. Ila mtu aliyeanza kupenda hafikirii sheria za barabarani. Na Dunmorra kwenyewe hakuna anayeendesha kwa kufuata vibao. Kibao cha mwendo wa mia kilicho nje ya mji kimetobolewa kwa risasi za bunduki ya kuwindia sungura, sifuri zote mbili, na watu hukitazama kama wanavyotazama picha ya babu ukutani: wanakiheshimu bila kukiuliza lolote. Huko watu huendesha kwa habari. Habari ikisema trafiki yupo, unaenda kama bibi harusi. Habari ikisema hayupo, mwendo ni kati yako na Mungu.

Kwa hiyo habari ni kitu kitakatifu. Ukimwona trafiki usipompiga taa unayepishana naye, wewe ni mchoyo. Lakini ukipiga taa na trafiki hayupo, wewe ni kitu kibaya zaidi. Kulikuwa na mzee mmoja, Clem Tunnicliffe, aliyepiga taa za uongo siku nzima ya Pasaka kwa mzaha. Hakuna aliyemgombeza. Waliacha tu kumwinulia kidole. Mwishowe aliuza ng'ombe wake na kuhamia pwani, na mpaka leo akitajwa watu hugeuka kutazama mvua kama inakuja.

Merryn alimfikiria Clem Tunnicliffe siku nzima ile.

Mambo yakaharibika zaidi, maana Ewan alikuwa na redio ya madereva ndani ya lori na moyo wa ukarimu. Kesho yake alitangaza kwamba trafiki yuko darajani, akamtaja na aliyemjulisha. Kufikia Ijumaa, malori ya majani makavu, pikapu za wafugaji na hata gari la padri vilivuka daraja la mto kwa mwendo wa mazishi, vimefuatana, na mbwa waliokaa nyuma ya pikapu walichungulia huku na huku kuona nani amekufa. Vijana waliozoea kuruka lile tuta la darajani mpaka matairi yaache ardhi walipita wameshika usukani kwa mikono miwili. Walipompita Merryn mchana walimwinulia kidole, wengine viwili. Hakuwahi kupendwa hivyo maishani mwake.

Aliyeugundua ukweli alikuwa Thelma Strahan, mkazi wa chumba cha mwisho katika nyumba ya wazee, ambaye zamani alikuwa dereva wa basi la shule. Thelma alijisifu kwamba miaka yote ile hakupata faini hata moja. "Si kwa wema wangu," alipenda kusema. "Basi lenyewe lilikuwa bovu. Ningelipata zuri mngenitembelea gerezani."

Siku hiyo Merryn alikuwa akimkata kucha za miguu, na Thelma alikuwa akicheka peke yake. Alikuwa amesikia kwamba wilaya nzima inaogopa trafiki wa darajani. Trafiki wa Dunmorra alikuwa mmoja tu, Konstebo Noel Strahan, mtoto wa kaka yake.

"Saa hizo Noel anakoroma," alisema. "Mke wake anasema hata paa likiezuliwa haamki. Sasa wanaume wazima wanakanyaga breki kwa sababu ya mtu aliyevaa pajama. Nani kawaambia yuko huko?"

Mkasi ulikwenda upande.

"Kata kucha, mwanangu, kidole kiache."

Basi akamweleza yote, ameinamia miguu ya bibi yule, kwa sababu ni rahisi kusema na miguu kuliko uso. Alipomaliza, Thelma hakucheka tena. Aliuliza huyo kijana anaonekanaje kwenye mwanga. Merryn alisema hajui vizuri, ana kofia. Thelma alisema hilo ni tatizo dogo. Kubwa ni kwamba amwambie, tena upesi, kabla mtu mwingine hajamwambia. Na aliapa kwamba yeye hatafungua mdomo kuhusu mapenzi ya mtu. Kuhusu trafiki hakuapa.

Usiku huo Merryn alijaribu kuandaa maneno, akamwambia mbwa wao, ambaye alielewa mara moja. Asubuhi, alipoona mwanga juu ya misonobari, maneno yote yalikuwa yameondoka. Akaamua jambo alilolidhani ni la uaminifu: hatapiga taa tena. Uongo utaisha wenyewe, kimya kimya, bila mtu kuumia. Lori lilipotokea aliinua kidole kimoja juu ya usukani kama watu wote, gizani, ambako hakuna aliyekiona.

Lakini hakufikiria jambo moja. Kwa Ewan, Merryn asiyepiga taa alikuwa Merryn anayesema barabara ni nyeupe. Lori lilinguruma likampita kama ukuta unaokimbia, gari lake dogo likayumba, na kwenye kioo aliona vile vitaa vya chungwa vikikimbilia mtoni kwa kasi ambayo pointi moja isingeivumilia.

Basi hata kunyamaza kwake kulikuwa habari. Alifika kazini, akamvalisha mzee mmoja soksi za mwingine.

Siku iliyofuata alitoka nyumbani mapema. Alikuwa ameamua kumsimamisha Ewan kwenye kona, kama Ewan alivyomsimamisha yeye, na kumwambia. Alikariri njia nzima. Alivuka daraja, na baada ya daraja, kwenye banda moja la majani makavu lililoinama upande mmoja, taa zake zikapita juu ya kitu cheupe chenye mistari ya buluu.

Lilikuwa gari la polisi. Konstebo Noel Strahan alikuwa ndani yake, amevaa makoti mawili, macho wazi.

Merryn alihisi kama mtu aliyemchora mbwa ukutani, naye mbwa akabweka. Na papo hapo, mbele, juu ya kilima, mwanga ukatokea. Ewan alikuwa amewahi. Jana barabara ilikuwa nyeupe. Leo aliteremka kilima akiwa na imani yote ya jana, na vile vitaa vya chungwa havikuwa vikitembea, vilikuwa vikimwagika.

Kona ilikuwa mbali bado. Nyuma yake trafiki alikuwa na kioo kizima cha kutazamia, na kumpiga mwenzako taa kali usoni nako ni kosa. Merryn, ambaye hakuwahi kuvuka mia hata siku aliyompeleka mama yake kujifungua, alipiga taa. Mara mbili. Lori halikupunguza. Akapiga tena, na tena, akapiga mpaka miti ya pande zote mbili ikawa inaruka na kuzima kama disko la harusi.

Lori likainamisha pua. Breki zikalia. Ewan alimpita kwa mwendo wa kistaarabu, akirudisha taa moja ya shukrani, na akalipita banda kama askofu.

Ndipo taa za buluu na nyekundu zikawaka, zikatoka bandani, zikageuka upande wa mji na kumfuata Merryn.

Alisimama pembeni. Noel alikuja akivuta miguu, akamulika tochi ndani ya gari, akaizima haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu.

"Merryn? Wewe?"

Alionekana mwenye huzuni. Alilalamika kwamba shangazi yake alimpigia simu kumwambia wilaya nzima inasema yuko darajani kila alfajiri, anachapa kazi, na yeye akiwa kitandani aliona aibu, kwani watu walikuwa wameanza kumsifu dukani. Basi akaona aje angalau mara moja. Alikuwa amekaa kwenye baridi ile tangu saa kumi na moja, hakuna aliyezidisha mwendo, wote wanapita kama wanaenda kupokea komunyo. Na wa kwanza kumkamata ni muuguzi anayemkata kucha shangazi yake.

Nyuma yao kulikuwa na vishindo vya viatu. Ewan alikuwa ameliegesha lori ng'ambo ya daraja na alikuja mbio, kofia mkononi. Kwa hiyo Merryn alimwona kwenye mwanga, ule wa buluu na ule wa nyekundu kwa zamu. Masikio yake yalikuwa makubwa kidogo. Yalimpendeza katika rangi zote mbili.

Noel alikohoa. Alisema sheria anaijua kila mtu, na angependa sana kurudi nyumbani.

"Nakuuliza mara moja, Merryn. Ulikuwa unamwonya huyu kuhusu mimi, au ulikuwa unamsalimia? Kama ni salamu, sema salamu, yaishe."

"Salamu, Konstebo," Ewan aliwahi kujibu, akihema. "Haki ya Mungu. Alikuwa ananisalimia tu. Kila siku ananisalimia."

Alidanganya vibaya, macho juu, kama mtoto mwenye jamu mdomoni. Alikuwa anamkinga. Na hakujua kwamba katika uongo ule alikuwa ameusema ukweli wote ambao Merryn alishindwa kuusema, ila alikuwa ameuweka kwenye siku isiyo yake.

Noel aligeukia gari lake. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye mlango. Merryn angeweza kunyamaza, kama alivyozoea, na kila mtu angekwenda zake: Noel kwenye blanketi, Ewan na pointi yake, yeye kazini. Kesho angepiga taa, na Ewan angekanyaga breki, na ingekuwa hivyo mpaka kiangazi.

Alifungua mlango akatoka nje.

"Hapana," alisema. "Leo nilikuwa namwonya."

Noel alifumba macho.

"Merryn," Ewan alinong'ona, "nyamaza, dada, anaondoka."

"Leo tu." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini alfajiri ile hapakuwa na kingine cha kusikika ila mto. Akamtazama Ewan, masikio na yote. "Siku nyingine hapakuwa na trafiki. Hajawahi kuwepo darajani. Mimi nilikuwa nakusalimia, Ewan. Wewe. Kila siku nilikuwa nakusalimia wewe."