Nieves Tolaba Atoka Msafi

Mlango wa chumba cha mtihani ulipofunguka, Nieves Tolaba alitoka akiwa amefaulu somo lake la mwisho la fizikia, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumpasulia yai kichwani.

Kosa lilikuwa lake. Pale Córdoba, mji wa chuo chake, anayemaliza masomo hungojewa mlangoni na watu wake, wameshika mayai, unga na haradali, na harudi nyumbani ila akinuka kama keki iliyochacha. Baba yake, don Fortunato, fundi viatu wa Humahuaca kule milimani, alikwisha kusafiri kwa basi saa kumi na tano mara tatu, trei ya mayai mapajani kama mtoto mchanga. Mara tatu Nieves alianguka mtihani. Mara tatu mayai yalipanda basi kurudi milimani. Mzee hakulaumu. Alisema tu, "Si kitu, binti yangu, mama yako atayakaanga." Maneno hayo yalimuuma kuliko maksi.

Kwa hiyo safari hii, kama wanafunzi wengi wa nchi ile wanaoogopa nuksi, hakumwambia mtu tarehe.

Ndani, profesa alimuuliza kwa nini vurugu ya dunia huzidi tu, haipungui yenyewe. Nieves akakifikiria chumba chake cha kupanga, ambamo kwa miaka tisa hakuna soksi iliyojikunja. Akaona aibu, akajibu kwa yai: kupasuka ni rahisi, lakini nani amewahi kuliona likijirudisha gandani? Akapewa nne kwa kumi. Nne ni kufaulu. Nyanya zenye maksi nne hakuna anayezinunua, ila mwanafizikia anapita.

Sasa alisimama koridoni, nywele zinanukia sabuni, blauzi imepigwa pasi. Chela, mama wa kibanda cha fotokopi, akamchungulia.

"Maskini! Umefeli tena?"

"Nimefaulu."

"Umefaulu, na unang'aa hivyo kama sahani? Nina nusu kilo ya unga hapa, inamisha kichwa!"

"Ngoja kwanza, mama Chela."

Akapiga simu nyumbani. Nyundo ya baba ilisikika ikigonga soli, kisha ikanyamaza.

"Baba, nimemaliza."

"Umemaliza lini?"

"Sasa hivi."

"Na hukuniambia."

"Niliogopa utarudi na mayai tena."

"Kwani mimi nilikuwa nakuja kuyatembeza mayai, Nieves?" Mzee akapenga kamasi kwa kishindo. "Kuna mtu amekugusa?"

"Hakuna."

"Asikuguse mtu! Nakuja na basi la jioni. Mama yako ameshaingia bandani kwa kuku."

"Ni saa kumi na tano, baba."

"Miaka tisa nimengoja, wewe unanihesabia saa?"

Nieves alicheka hadi macho yakamlowa. Akatoka uani, akakaa kwenye ngazi, akatamani kuisikia tena ile nyundo.

Mlango wa kitivo cha kemia ukafunguka kwa kelele. Kijana mmoja akachomoka mbio, shangazi zake watano nyuma yake, na mfuko wa unga ukapasukia mgongoni pake. Wingu jeupe likaelea taratibu kuja ngazini. Nieves alijua vizuri jinsi vumbi linavyosambaa; likiachwa, hufika kila mahali.

Akakumbatia mkoba wake, akakimbia kabla halijamgusa hata unywele mmoja.