Geti la Tatu

Geti la tatu liliachwa wazi Alhamisi jioni. Kufikia Ijumaa asubuhi kondoo madume wangu saba walikuwa wamekesha na majike wa jirani yangu Alwyn Pascoe, mia na arobaini, wote wa ukoo ulioandikwa vitabuni tangu enzi za babu yake.

Januari ile binti yangu Tamsin alikuwa na miaka kumi na miwili na miezi tisa. Sheria ya jimbo letu inataka mtu afikishe kumi na sita ndipo ashike usukani, hata kwa kujifunza. Lakini hiyo ni sheria ya barabara ya serikali. Kutoka mlangoni kwetu mpaka konani, basi la shule linapogeuzia, ni kilomita kumi na moja za vumbi, sita zangu na tano za Pascoe, na hapo katikati hakuna serikali, kuna kangaruu tu. Huku kila mtoto hujiendesha mpaka kwenye basi lake. Mimi nilianza na miaka tisa, nimesimama juu ya kiti, maana nikikaa nilikuwa sioni mbele.

Mpaka mwaka ule Tamsin alikuwa akipelekwa na mama yake. Kisha Glenys akapewa zamu ya alfajiri kwenye jiko la hospitali mjini, na mimi ni mnyoa kondoo, msimu ukianza naondoka kabla ya jua. Siku ya pili ya mwaka, tukimalizia nyama baridi ya sikukuu, Glenys aliweka uma chini.

"Akiweza kujiendesha mpaka konani, anabaki nyumbani," alisema. "Asipoweza, anakwenda bweni kule pwani. Sitaki mtoto akwame porini peke yake kwenye joto la nyuzi arobaini na tano."

"Ataweza," nikasema.

"Nani atamfundisha?"

"Mimi."

Glenys akamgeukia Tamsin. "Pole, mwanangu."

Tamsin alikuwa ameshapelekwa kuliona bweni lile. Aliporudi alisema linanuka soksi na sala. Nyumbani alikuwa na mbwa wake, Nati, na wanakondoo yatima watatu aliowalea kwa chupa, na bweni halipokei wenye miguu minne. Alikuwa na wiki tatu kabla shule haijafunguliwa.

Tulianzia kwenye ziwa kavu nyuma ya nyumba, mahali ambapo hata ukitafuta kitu cha kugonga hukipati. Gari lilikuwa pikapu kuukuu isiyo na namba wala kioo cha nyuma. Nilimwekea gunia la manyoya chini ya makalio ili aone nje.

"Achia klachi polepole," nikamwambia.

"Naiachia."

"Polepole, siyo kama umekanyaga nyoka."

"Anayekanyaga nyoka anakanyaga, baba. Mimi naachia."

Pikapu ikaruka mara tatu kama chura, ikazima. Nati, aliyekuwa amepanda nyuma, alishuka na kurudi nyumbani kwa miguu.

Shule niliiacha na miaka kumi na minne, na walimu wote niliowahi kuwa nao walifundisha kwa kufoka, kwa hiyo nami nilifoka. Nilifoka kuhusu gia, kuhusu breki, kuhusu pua yake aliyokuwa akiikuna badala ya kushika usukani. Siku ya nne akazima gari mwenyewe, akakunja mikono.

"Baba, ukifoka mguu wangu unakimbilia breki. Ukinyamaza, gari linakwenda."

"Nani kakufundisha kumjibu mwalimu?"

"Wewe. Kila mtu anajua ulifukuzwa shule kwa hilo."

Nikanyamaza. Gari likaenda. Liliniuma sana hilo, lakini lilikwenda.

Wiki ya pili tukaingia njia yenyewe, yenye mageti manne. Huku desturi ni moja: anayekaa kiti cha abiria ndiye anayeshuka kufungua na kufunga. Dereva hashuki, hata abiria awe nani. Miaka thelathini nimekuwa dereva. Mara ya mwisho kufunga geti nikiwa na mtu mwingine garini, nilikuwa bado na nywele.

Na sheria ya pili: geti unaliacha kama ulivyolikuta. Clarrie Hallett aliacha moja wazi mwaka wa tisini na nane, na hadi leo anaitwa Geti. Mkewe ni Bi Geti. Jina hilo nililitunga mimi, baa, mbele ya watu arobaini, na nililionea fahari miaka yote.

Kwa kuwa Tamsin angekuwa anakwenda peke yake, nilimzoeza kufanya yote: simama, vuta breki ya mkono, shuka, fungua, pita, simama tena, rudi ufunge. Alikuwa hodari. Kasoro ilikuwa geti la tatu, lile la mpakani kwangu na kwa Pascoe. Lipo kwenye mwinuko wa mchanga, na pale gari lilimzimikia mara sita kwa siku mbili. Alhamisi jioni nikamwambia leo geti hili aniachie mimi, yeye ahangaike na klachi tu.

Nikashuka, nikafungua. Tamsin akakanyaga mafuta kidogo, akaachia klachi kama mtu anayemlaza mtoto, akapanda mwinuko wote bila kuzima, akaingiza gia ya pili. Nilipiga kelele kama mlevi. Nikalikimbilia gari, nikarukia kiti changu likiwa linakwenda.

"Umeona, baba?"

"Nimeona. Usigeuke, tazama mbele."

Tukaenda zetu. Kurudi tulipitia njia ya visimani, ili nimwonyeshe pampu.

Simu ililia Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi. Pascoe haongei haraka.

"Rex, una madume saba wa vichwa vyeusi?"

"Ninao."

"Huna. Ninao mimi. Na wamechoka."

Majike wake walikuwa wakisubiri dume aliyemnunua kwa bei ya nyumba ndogo, ambaye angefika wiki iliyofuata. Madume wangu ni wa nyama, nyuso nyeusi kama masufuria. Kazi ya namna hiyo haifichiki. Hesabu siku mia na hamsini, kila kichwa cheusi kitakachozaliwa kwa Pascoe kitatoa ushahidi.

Glenys alisikia yote. Alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, tayari kwenda kazini. Tamsin alikuwa mezani na mkate wake.

"Nani alifunga geti la tatu?" Glenys akauliza.

Jibu lilikuwa neno moja. Badala yake nikasema, "Tulikuwa tunafanya mazoezi. Tamsin alikuwa na usukani."

Kweli tupu, yote mawili. Glenys alijua wiki ile Tamsin alikuwa akifungua na kufunga mwenyewe, kwa hiyo akamtazama Tamsin. Tamsin akanitazama mimi. Nikatazama birika.

"Basi imekwisha," Glenys akasema. "Anayesahau geti leo, kesho atasahau breki ya mkono. Nitawapigia wa bweni."

Tamsin aliacha mkate, akatoka. Nilimkuta nyuma ya nyumba na chupa ya maziwa, mwanakondoo mmoja akiivuta kama pampu.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Mbona wewe hukusema?"

"Pascoe ananipa kondoo elfu nne wa kunyoa kila mwaka. Akijua ni mimi, je?"

"Na akijua ni mimi?"

"Wewe mtoto. Atasahau."

"Sawa. Sema ni mimi. Mimi nitakuwa bwenini, sitasikia wakiniita Geti."

Akamfuta mwanakondoo mdomo na shati lake, akaenda kwa mwingine. Jumamosi nikanyamaza. Jumapili nikanyamaza, nikarekebisha vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Tamsin alikula, aliosha vyombo, alijibu alichoulizwa. Hakuomba kuendesha.

Jumatatu kama saa kumi jioni gari la Clarrie Hallett likaingia uani. Miaka mingi alikuwa hajakanyaga kwangu, na sababu aliijua kila mtu. Alishuka na kopo la biskuti.

"Mke wangu kamwokea binti yako," alisema. "Nimesikia habari ya geti. Mwambie yatapita."

"Asante, Clarrie."

"Mimi mwenyewe sasa sijali. Miaka kumi ya kwanza ndiyo mibaya."

Aliongea bila kejeli hata chembe. Laiti angenipiga ngumi. Alikataa chai, akaondoka, na mimi nikabaki nimeshika biskuti za Bi Geti zikiwa bado na moto.

Glenys aliporudi alinikuta nikimngoja ukumbini. Nikamwambia: geti nililifungua mimi, kulifunga nikasahau mimi, Tamsin hakushuka hata mguu.

Alivua viatu kwanza. "Ulitaka kuniambia lini?"

"Sasa."

"Sasa ni saa kumi na moja, Rex. Orodha ya basi imefungwa leo saa sita mchana. Nimelitoa jina lake mwenyewe, asubuhi, kwa mkono wangu."

Sikuwa nimelifikiria basi. Lilikuwa likija mpaka kona yetu kwa ajili ya mtoto mmoja. Jina likitoka, linageuzia kwa akina Hallett, kilomita ishirini na mbili mbele kwenye barabara ya serikali, na orodha haifunguliwi tena mpaka muhula umalizike. Glenys aliwapigia simu watu wa basi palepale. Waliongea naye kwa adabu, wakakataa kwa adabu.

"Siku nne," alisema alipoweka simu. "Ulikuwa na siku nne na mdomo mzima."

Nikampigia Pascoe. Nilimweleza. 

"Najua," akasema. "Pale getini kuna nyayo za viatu vyako kama za tembo anayecheza ngoma. Nilitaka kuona utachukua muda gani."

"Na kazi ya kunyoa?"

"Utanyoa. Malipo tutayaongea, na wewe hutaongea sana."

Siku ya safari Tamsin aliomba aendeshe mpaka konani. Tulibanana watatu kwenye kiti, Nati nyuma na sanduku. Alifungua na kufunga mageti yote manne mwenyewe. Nilipotaka kushuka, mama yake alinishika mkanda wa suruali. Kwenye mwinuko wa geti la tatu gari halikutikisika hata kidogo. Konani Tamsin akazima injini, akampa mama yake funguo.

"Naendesha vizuri?" akamuuliza.

"Unaendesha vizuri kuliko baba yako," Glenys akasema, na akashuka haraka kwenda kutafuta kitu kwenye sanduku ambacho hakikuwemo. Kisha alinirudishia funguo, akapanda na Tamsin basi kubwa la pwani ili amfikishe bwenini. Mimi nilirudi peke yangu, na mageti manne.

Kwa Pascoe walizaliwa wanakondoo wa vichwa vyeusi themanini na watatu. Siku sita nilinyoa bure. Jina la Geti sasa tunalo wawili, mimi na Clarrie, na ili tusichanganywe mimi naitwa Geti Kubwa. Tamsin alikaa bwenini wiki kumi na moja, mpaka muhula ulipomalizika. Mwanakondoo mmoja kati ya watatu wake alikufa mikononi mwangu wiki ya tano, na ilibidi nimwambie kwa simu.