Alhamisi ya Mwanaima

Jumatatu asubuhi Mwalimu Zabron aliingia darasani, akaweka kompyuta yake mezani, akawaamkia shikamoo wanafunzi wake, wote waliomzidi umri. Wakamwitikia marahaba. Ndivyo yalivyoanza kila mwaka mafunzo ya watu wazima katika tawi la chuo kikuu pale Tanga, na safari hii somo lilikuwa usindikaji wa matunda.

Mwanaima, mjane wa Pongwe na muuza achari, aliketi mbele. Alikitaka cheti kinachotolewa Ijumaa baada ya mtihani kuliko kitu chochote. Maishani mwake karatasi pekee yenye mhuri na jina lake ilikuwa hati ya ndoa, na hiyo hakuiomba yeye.

Kama kawaida ya mafunzo hayo, wanafunzi walipungua umri kadiri walivyosoma. Jumanne mvi zilikwisha. Jumatano mzee Tadeo, mnyapara mstaafu wa mkonge, aliota chunusi, na mhudumu akaleta viti vifupi bila kuombwa. Alhamisi wote walikuwa watoto. Wakasimama kumwamkia mwalimu, naye akaitikia bila kuinua macho. Mwanaima alikuwa na miaka kumi na mitatu, buibui lake likiburuzika sakafuni.

Alhamisi ndiyo siku aliyoiogopa. Kila mwaka, baada ya alasiri, marehemu babake, aliyezikwa Moa, hupanda basi akaja kumtoa darasani, kama alivyomtoa zamani ili akaolewe. Safari hii Mwanaima alijipanga. Alimweka mlangoni mwanawe Rama, dereva wa bajaji, mwanamume wa miraba minne.

"Babu yako akija, usimpishe. Aseme asemavyo, usimpishe."

"Hapiti mtu, mama."

Mzee akafika, kanzu safi, mwamvuli mkononi. Rama hakuwahi kumwona ila kwenye picha. Akanyanyuka.

"Shikamoo babu." Akambusu mkono, akampa kiti chake, akamuuliza habari za safari.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimemfuata mamako. Waposaji washafika nyumbani."

"Wewe ndiye mzazi wake?" Mwalimu Zabron akauliza kutoka ubaoni.

"Mie ndiye."

"Basi sawa," akasema, akaendelea na vipimo vya sukari ya jemu.

Rama aliwapakia wote wawili kwenye bajaji. Mzee aliteremka stendi, awahi basi la kurudi Moa. Mwanaima alifika Pongwe akiwa amerudia umri wake, magoti yakimuuma. Waposaji hawakuwapo, wala hajapata kuwakuta hata mwaka mmoja; palikuwa na ndoo za embe mbichi tu.

"Mama, ningemwambiaje? Mtu mzima yule."

Mwanaima alilia kidogo, akajifuta kwa kanga. Ilimuuma sana, na hakuwa na wa kumlaumu, maana adabu ile ni yeye aliyemfunza. Kesho yake wenzake walifanya mtihani, wakarudi makwao watu wazima wenye vyeti.

"Mwakani nikae tena mlangoni?" Rama akauliza.

"Kaa," akasema, akikata embe. "Ila uchukue na mto. Kiti kile kilimuumiza babu yako mgongo."