Fleming Mwenye Darubini

Kwa Mzee Efraimu, kule Masama, hukaribishwi kiti mpaka ujibu swali. Daktari wa mifugo aliulizwa nani aligundua simu huku bado ameshika kamba ya ndama. Mchungaji aliyekwenda kubariki nyumba aliulizwa Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka gani, akapatia, akapewa kiti chenye mto. Fundi umeme alikosa, akapanda nguzo na kushuka bila hata kikombe cha maji.

Utadhani mzee kasoma. Hajasoma. Alikuwa mpima kahawa kwenye chama cha ushirika, na elimu yake yote kaitoa redioni, enzi za vipindi vya maswali na majibu, kwa betri alizokuwa akizianika juu ya bati ili zipate nguvu. Betri ya kuanikwa haina adabu. Inakupa swali, inazimia, inazinduka kwenye jibu la swali jingine. Mzee kazi yake ilikuwa kuunganisha tu. Ndiyo maana nyumbani kwake simu aligundua James Watt, mashine ya kuchapa vitabu ni ya Marconi, na darubini ni ya Alexander Fleming. Wa kwanza kukanyaga mwezi ni Armstrong, kama kwenu. Siku hiyo betri zilikuwa mpya.

Kwa takataka hizo, mtu mzima alikuwa amemkalia binti yake kama kuku anavyokalia mayai viza. Aikande ni kitinda mimba wake. Mwaka jana Valerian wa Machame alikwenda kumposa, kijana mwenye digrii ya historia na viatu vyenye ncha. Akaulizwa darubini. Akasema ilitokea Uholanzi, kwa fundi wa miwani, akataja jina na mwaka, akaanza na kufafanua. Mzee akamwambia, "Mwanangu, umesoma lakini hukusikiliza." Valerian akabisha mpaka jua likainama. Umekwenda kuomba mke, unabishana na baba mkwe kuhusu miwani ya Wazungu. Digrii nzima, akili nusu kilo. Mbege yake, pombe ya ndizi ya posa, ikarudi Machame hata kuonjwa haijaonjwa, na Aikande, nasikia, alilala usingizi mzuri sana.

Maana Aikande alikuwa na wake, naye ni binamu yangu Jesse. Jesse anauza pumba na dawa za mifugo pale Kwa Sadala. Ni mtu mwema, mwenye mabega, lakini kichwani mna nafasi kubwa ya kupangisha. Ukimtajia Napoleon anakuuliza mbegu hiyo inakomaa kwa miezi mingapi. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kumfundisha, kwa kuwa nilipata C ya historia kidato cha nne, na kwenye ukoo wetu hiyo ni kama uprofesa.

Nilianza na ukweli. Aikande alipokuja dukani kununua pumba akanikuta namfundisha Jesse kuhusu Bell na simu yake, akaniangalia kama unavyomwangalia mtu anayefagia uwanja mvua inanyesha.

"Sirili, hayo ni majibu ya dunia," alisema. "Dunia haina binti wa kuozesha. Mfundishe majibu ya baba."

Akatutajia yote, moja baada ya jingine, kwani alikua akiyala pamoja na mtori. Iliniuma kumkaririsha mtu mzima kwamba simu ni ya James Watt. Nikajifariji kwamba hata shuleni tulikariri mengi, na hakuna aliyetuahidi mke.

Siku ya posa tukapanda na pipa la mbege, mbele mjomba wetu Anold kama msemaji. Sheria unaijua: mpaka baba wa binti apige funda la kwanza kwenye kata, hakuna anayegusa. Asipoonja, mmekataliwa, mnabeba mzigo wenu. Na mbege haikungoji ujipange upya. Kesho yake ni siki. Kwa hiyo ndugu wa mzee walikuwa wamejipanga kwenye mabenchi tangu asubuhi, wanaliangalia pipa kama waumini, na katikati yao Shangazi Elisifa, dada wa mzee, ambaye koo lake halijawahi kukosa siku ya mbege.

"Shikamoo, baba," alisema Jesse, amesimama.

"Marahaba. Nani alikanyaga mwezi kwanza?"

"Armstrong."

"Vita ya Kwanza?"

"Kumi na nne, baba. Elfu moja mia tisa na kumi na nne."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Halafu akajikuna mguu wake wa kushoto uliofungwa bandeji, na sauti ikashuka.

"Darubini."

Jesse akatoa kifua. Hili tulilisugua mpaka likang'aa. "Alexander Fleming, baba."

Mabenchi yakasogea kuelekea kwenye pipa. Mzee hakusogea.

"Nani?"

"Fleming. Alexander."

"Fikiri kwanza, kijana. Hakuna haraka. Hakuna mtu wa huko Uholanzi, kwa mfano? Fundi wa miwani labda?"

Nilidhani masikio yangu yameota ukungu. Mzee alikuwa anampa mtu jibu. Nikamkanyaga Jesse mguu, lakini Jesse ni kama trekta, akishawaka huwezi kumgeuza.

"Hapana, baba," akasema, anatabasamu kwa ujanja wake wote. "Huyo wa miwani ndiye aliyemponza Valerian."

Mzee akamtazama muda mrefu. Kisha akautazama mlango wa jikoni, ambako Aikande alikuwa amesimama na kata mkononi.

"Jibu hilo umelitoa wapi? Halimo kwenye kitabu chochote. Wanaolijua ni waliokula mezani kwangu."

Mjomba Anold, msemaji wetu, akaanza kuyachunguza mawingu.

"Efraimu," alisema Shangazi Elisifa, "kwani jibu si hilo?"

"Wewe nyamaza kidogo."

"Ninyamaze nini? Fleming nimemsikia kwako miaka yote. Nimemsema mpaka kwenye kikundi cha akina mama kanisani. Na yule mtoto wa Machame ulimrudisha na pipa lake kwa ajili ya huyohuyo Fleming." Akameza mate. "Sasa kama si yeye, tuambie. Tutachukua jani la isale, twende Machame tukamwombe Valerian msamaha, arudi amchukue mke wake. Ndiyo haki."

Ungemwona mzee alivyonasa. Akisema jibu ni kosa, ukoo mzima unajua aliwalisha pumba maisha yao yote, na bintiye anakwenda kwa mwenye viatu vya ncha. Akisema ni sahihi, amekubali kuibiwa mtihani na mtoto wake mwenyewe. Watu wa aina yake hawaogopi kukosea. Wanaogopa kuonekana.

Aikande akatoka jikoni, akachota mbege, akapiga magoti mbele ya baba yake na kuinua kata kwa mikono miwili.

"Baba, inachacha."

"Hawa watu unawafahamu?" aliuliza mzee. Ni swali la desturi, kila binti huulizwa, lakini hakuliuliza kidesturi.

"Nawafahamu, baba."

"Naona. Unawafahamu mno."

"Mno, baba."

Mzee akaipokea kata. Akasema, "Sahihi," kwa uso wa mtu anayetafuna klorokwini, akanywa. Mabenchi hayakungoja amalize kumeza. Shangazi Elisifa alikuwa wa pili.

Wakati watu wameanza kuimba, mzee akatuita mimi na Jesse nyuma ya banda la ng'ombe.

"Mwezi uliopita nilikuwa hospitali na hiki kidonda," alisema kwa sauti ya chini. "Katoto ka daktari kakanichoma sindano. Nikakauliza swali langu. Kakacheka. Kakasema, babu, huyo Fleming wako ndiye aliyegundua dawa iliyomo humu kwenye sindano, penisilini. Darubini ni Mholanzi." Akatema mate. "Nikajiapiza: leo akija kijana akasema Mholanzi, nampa mtoto, yaishe kimyakimya. Wewe ng'ombe ukaja na Fleming."

"Kwa hiyo nilikosa, baba?" aliuliza Jesse.

"Duniani ulikosa. Ndani ya kihamba hiki, kwenye migomba yangu, ulipatia, na nikikusikia umebadilisha, binti anarudi nyumbani."

Mimi ulimi wangu haujui kukaa. "Na simu je, mzee? Daktari hakusema kitu kuhusu simu?"

Akanigeukia taratibu. "Simu imefanya nini?"

Nikamwangalia Jesse. Jesse aliangalia upande wa pipa, ambako Aikande alikuwa anacheka na shangazi yake.

"Haijafanya kitu, mzee," nikasema. "James Watt."

"Sahihi," alisema Mzee Efraimu. "Nenda ukakae."