Nyangumi wa Kaka

Kama kuna mtu aliyewahi kukaa na Redio zaidi ya saa moja bila kusimuliwa habari za nyangumi, basi mtu huyo alikuwa amelala. Redio ni jina la utani. Alisoma taarifa ya habari kwa miaka thelathini na moja, na hata alipostaafu, sauti yake haikukubali kwamba kazi imekwisha. Akiomba chumvi mezani ungedhani anatangaza matokeo ya uchaguzi.

Mdogo wake wa kike, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa kuwa alikata vioo vya miwani, alikisikia kisa hicho mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai. Na si kukisikia tu, alikuwamo. Alikuwa na miaka sita, kaka yake kumi na mmoja. Mama yao alifua mashuka hospitalini, na mwaka ule wafanyakazi wa kufua na kupiga pasi wakapelekwa matembezi ya siku moja baharini, kwa basi, kila mtu na watoto wake. Walishushwa juu ya jabali lenye uzio wa chuma. Watu wakajipanga kwenye uzio, na nyangumi akatokea.

"Kwanza watu wote wakanyamaza," Redio alikuwa akianza hivyo, miaka nenda miaka rudi. "Kisha mgongo ukapanda. Mweusi, unang'aa. Ukapanda, ukapanda, ukadhani hautaisha. Akapumua. Halafu akageuka, tumbo jeupe likaonekana, na ubavuni mwake kulikuwa na mtoto."

Alikuwa akitia chumvi hapa na pale kadiri ya wasikilizaji. Mbele ya watoto mkia ulikuwa mkubwa kama paa la shule, mbele ya watu wazima ulipungua kidogo. Fundi hakumkatiza hata siku moja. Yeye pia alikuwa anamwona nyangumi yule kila akifumba macho: mgongo, tumbo, mtoto, na maji yakichuruzika kutoka kwenye mkia. Mama alikuwa ameshafariki, hospitali ile ilishabomolewa ikajengwa upya, hata basi lile sijui liliishia kwa muuza vyuma gani. Nyangumi ndiye aliyebaki mzima katika utoto wao.

Ndiyo maana, daktari alipomwambia Redio kwamba presha ya macho imekula sehemu kubwa ya uoni wake, na kwamba kilichopotea hakirudi na kilichobaki kitaendelea kupungua, Fundi hakulia pale kliniki. Alilia nyumbani, akanawa uso, akakata shauri. Kaka yake atamwona nyangumi mara moja tena kabla pazia halijafungwa. Daktari alisema huenda ukabaki mwaka, huenda usifike.

Akaanza kupanga safari, na Fundi akipanga jambo hulipanga kwa rula. Aliuliza nyangumi hupita lini, akaambiwa mwezi wa nane ndio wenye mama na watoto. Alitafuta jabali lenye uzio, si lile lile, lakini la kufanana nalo. Alikopa darubini kwa mteja wake mmoja mpenda ndege, akazifungua lenzi zote akazisafisha, maana zilikuwa na kuvu. Akaandika orodha: kofia, koti la upepo, dawa za matone za kaka, dawa ya kichefuchefu, mkate. Kisha akapiga simu kwenye ofisi ya matembezi huko pwani. Mwanamke aliyepokea akamuuliza wanataka jabalini au boti.

"Jabalini," Fundi akasema. "Kama zamani."

"Na mmeshawahi kuona nyangumi, au ni mara ya kwanza? Wageni wa mara ya kwanza tunawapa mtu wa kuwaelekeza."

"Kaka yangu ni mzoefu," Fundi akasema, na akasikia fahari kama anayemtaja waziri. "Na mimi pia."

Kikwazo kikawa mzoefu mwenyewe. Tarehe ya kwanza ilipotajwa, goti la Redio likavimba. Ya pili, akakumbuka ana harusi ya mtoto wa mfanyakazi mwenzake, harusi ambayo hakuna mtu mwingine aliyepata kadi yake. Ya tatu, tumbo. Mkewe akampigia Fundi simu dukani.

"Wifi, mimi nimechoka na huyu kaka yako. Ukimtajia nyangumi anapata ugonjwa mpya. Jana nimesema tu nakwenda kununua samaki, akashika kiuno."

"Anaogopa safari?"

"Huyu aliyezunguka nchi nzima na kipaza sauti? Anaogopa kitu kingine. Lakini hasemi, na wewe unajua akinyamaza ni hatari."

Fundi alichukia. Zilikuwa zimebaki wiki tano kufika mwezi wa nane, na macho hayamsubiri mtu amalize kudeka. Akaamua kumlainisha kwa zawadi. Kwenye sanduku la marehemu mama kulikuwa na miwani ya kwanza ya Redio, ile aliyovalishwa akiwa na miaka kumi na minne baada ya mwalimu wa hesabu kugundua kwamba hanakili ubaoni, ananakili kwa jirani. Kabla ya hapo hakuna aliyeshuku. Mtoto alikuwa anasoma kitabu kimegusa pua, na mama alikuwa akiwaonyesha majirani kwa majivuno: tazameni, huyu anavila vitabu. Fundi alifikiri ataitengeneza ile fremu, aing'arishe, ampelekee acheke, kisha amtajie tarehe angali anacheka.

Asubuhi ya Jumamosi akaketi kwenye meza yake ya kazi, kati ya jiwe la kusagia na kijisanduku cha skurubu. Mkono mmoja wa miwani ulikuwa umefungwa kwa waya wa shaba. Kabla hajaugusa, aliiweka miwani kwenye mashine ya kupimia namba. Hakuwa na sababu. Fundi wa miwani akishika miwani huipima, hata akiiokota njiani.

Mashine ikasema kutoa tano na nusu, macho yote mawili.

Akaipima tena. Kisha akakaa akiitazama ile namba mpaka mteja aliyeingia akakohoa mara mbili, akahudumiwa, akaondoka. Namba za kutoa ni za watu wanaoona vya karibu na kupotelewa na vya mbali, na macho hayafiki tano na nusu kwa usiku mmoja. Huanza utotoni, hupanda kidogo kidogo. Kama akiwa na miaka kumi na minne alikuwa na tano na nusu, basi akiwa na kumi na mmoja, hata ukimhurumia, hakupungua tatu.

Fundi alijua mtu wa kutoa tatu asiye na miwani anaona nini, lakini alitaka kukiona mwenyewe. Akachukua fremu ya majaribio, akaweka vioo vya kuufanya uoni wake mzuri wa mbali uwe mbovu kiasi kile kile, akaivaa na kusimama mlangoni. Duka la vitambaa ng'ambo ya barabara likafutika. Bango lake likawa doa jekundu. Mtu akampungia mkono, hakujua ni nani wala kama ni mwanamume au mwanamke, na barabara ile haikuzidi hatua ishirini. Nyangumi wa jabalini alikuwa mbali kuliko mwisho wa mtaa.

Akavua fremu. Hasira zikampanda kwanza, maana yeye si malaika. Miaka arobaini na saba ameburuzwa. Amekubali kwa kichwa kwenye harusi na kwenye misiba, "ndiyo, ndivyo ilivyokuwa," kumbe anashuhudia uongo. Alifunga duka saa sita, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya Jumamosi, akaenda kwa kaka yake na miwani mkobani.

Alimkuta sebuleni, redio ndogo ikinong'ona mezani, magazeti ya wiki nzima yakiwa yamepangwa vizuri bila kufunguliwa. Alikuwa bado anayanunua. Wifi alimtazama Fundi usoni mara moja tu, akasema ana sufuria jikoni, akatoweka.

Fundi alikuwa amepanga maneno makali njia nzima. Alipomwona kaka yake akigeuza kichwa chote ili kumtafuta kwa kile kitundu cha uoni kilichobaki, maneno yakamkauka. Akamwekea miwani mkononi.

Redio hakuitazama. Aliipapasa, kidole kikafika kwenye waya wa shaba, akatabasamu. "Waya huu aliufunga mama. Kwa koleo la fundi bomba wa hospitali."

"Nimeipima, kaka."

Tabasamu likabaki usoni, lakini mwenyewe alikuwa amekwisha ondoka. Akanyoosha mkono, akazima redio. Fundi hakukumbuka kama aliwahi kumwona akifanya hivyo akiwa na mgeni.

"Ngapi?" akauliza.

"Tano na nusu."

"Basi unajua."

"Najua hukuona. Sijui kwa nini ulisema umeona."

Redio aliupapasa tena ule waya wa shaba. Alipozungumza, haikuwa sauti ya taarifa ya habari. Ilikuwa ndogo, na Fundi aliitambua, ilikuwa sauti ya chumba chao cha utotoni, kitanda cha juu.

"Wewe ulikuwa nyuma ya migongo ya watu," akasema. "Hukumbuki? Uzio ulikuwa umejaa, mama alikuwa mbele kabisa, umati umetutenga naye. Ukaanza kulia. Unanivuta shati, unasema niambie, kaka, niambie. Mimi nilikuwa mrefu kidogo, nilipenyeza kichwa. Nikaona rangi ya buluu. Basi. Buluu juu na buluu chini. Lakini watu walikuwa wanasema. Yule mama mnene wa kupiga pasi akasema tumbo jeupe. Mbeba mashuka akasema ana mtoto, ana mtoto. Mama yetu alisema mkia, nikaijua sauti yake. Nikawa nayachukua maneno yao nakupa wewe. Ukanyamaza kulia."

"Kwa hiyo mimi pia..."

"Wewe pia hukuona. Ulikuwa unaona kiuno cha dereva wa basi."

Fundi akafumba macho. Nyangumi akaja vilevile, mgongo, tumbo, mtoto, maji kwenye mkia. Akamtafuta mahali penye migongo ya watu, akamtafuta kiunoni mwa dereva, hakukuwa na kitu. Nyangumi wake alikuwa peke yake katikati ya bahari, na sauti ya mtoto wa miaka kumi na mmoja ikizungumza juu yake.

"Sikujua kwamba ni uongo," Redio akasema. "Hapo ndipo hamtanielewa. Nilidhani watu wote wako hivyo. Nilidhani vya karibu ni vya kuona na vya mbali ni vya kusikia. Siku niliyovalishwa miwani hii, nikatoka nje nikaona mti una majani mojamoja mpaka juu. Nikasimama pale nikajua sikumwona nyangumi. Lakini shule nzima ilikuwa imeshasikia."

"Ungeniambia mimi."

"Wewe ndiye nisiyeweza kukuambia. Ulikuwa unampenda sana." Akaizungusha miwani mkononi. "Sasa unataka kunipeleka. Nikifika pale nisimwone, mtanihurumia, na huruma nimeshaila ya kutosha mwaka huu. Nikimwona, asifanane na wangu, nitakuwa nimempoteza hata yule. Ndiyo maana goti linavimba."

"Na harusi."

"Harusi ilikuwepo. Ila ilikuwa mwaka jana."

Fundi akacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati bila kumwomba ruhusa. Zile hasira alizokuja nazo hakuziona tena. Alikuwa anamwonea uchungu yule mtoto aliyesimama kwenye uzio bila kuona chochote, na badala ya kulia kwa ajili yake mwenyewe akamnyamazisha mdogo wake. Akamwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, na Redio akageuza uso upande wa dirisha.

"Tatizo ni jabali," Fundi akasema baada ya kupenga kamasi. "Jabali ni mbali. Tutakwenda kwa boti. Boti inazima injini inasubiri, na wao wenyewe wanasogea. Unamsikia anapumua. Wengine wanasema mvuke unakufikia usoni."

"Na nisipomwona?"

"Utakaa pembeni yangu. Kitakachoingia kwenye kitundu chako utakiona. Kisichoingia nitakuambia."

"Wewe? Wewe huwezi kusimulia hata ulivyokwenda sokoni."

"Nitajifunza. Nina mwalimu."

Redio akafikiri. "Usitie chumvi," akasema.

"Nitatia kidogo. Mama angetia."

Wifi alichungulia kutoka jikoni, akaona wote wawili wana macho mekundu, akarudi kwenye sufuria yake bila kuuliza. Fundi alitoa simu, akaiweka mezani kwa sauti ya juu ili kaka yake asikie. Mwanamke wa ofisi ya matembezi akapokea. Ndiyo, nafasi za boti zipo, asubuhi ya Jumanne ya pili ya mwezi wa nane. Ndiyo, anaweza kubadilisha kutoka jabalini. Fundi akaketi wima, kalamu mkononi, akifuta mstari mmoja wa orodha yake na kuandika mwingine.

"Hapa niliandika wageni ni wazoefu," mwanamke akasema. "Wameshawahi kuona nyangumi. Niache hivyo hivyo?"

Fundi alifungua mdomo, lakini Redio akainua mkono. Akasafisha koo jinsi alivyokuwa akisafisha kila jioni kwa miaka thelathini na moja kabla ya taarifa ya habari, akainamia simu.

"Badilisha, mama," akasema kwa sauti yake nzito. "Andika mara ya kwanza. Wote wawili."